Kadi Niliyopaswa Kuichoma

Sijawahi kuingia katika ukumbi wa muziki. Nilizaliwa Homa Bay katika nyumba ya mwinjilisti, nikalelewa kwa sala ya alfajiri na sala ya jioni, na sasa nikikaribia miaka themanini bado sijaketi mbele ya jukwaa nikamsikiliza mtu akipiga kodiani. Hata hivyo, hapa nyumbani kwangu Migori nina albamu nne na mkebe mmoja wa biskuti, vyote vimejaa watu wa jukwaani. Kuna wapiga kodiani waliovaa tai pana. Kuna wapiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo, walioketi wima kwenye viti vya studio kama watu wanaosubiri hukumu. Kuna mchekeshaji aliyejipaka unga uso mzima na kuvaa viatu viwili visivyofanana, na kuna wanawake wa ngoma waliosimama bega kwa bega, shanga shingoni, wakimkodolea macho mpiga picha. Wote ni watu wa zamani, wa enzi ya wazazi wangu na ya utoto wangu, na wote wamechapishwa kwenye kadi za posta.

Vijana wakiziona huuliza zilitumwa kutoka wapi. Nyingi hazikutumwa popote. Siku zile karatasi ya picha ilikuja kutoka ng'ambo ikiwa tayari imechapwa upande wa nyuma: mstari katikati, nafasi ya anwani, kijisanduku cha stempu kwenye pembe. Mpiga picha wa mjini alichapisha uso wako upande wa mbele, na hapo ukawa na picha inayoweza kusafiri. Watu wa jukwaani walizipenda kuliko watu wote. Kabla ya kwenda kucheza mji mwingine walipitia studio, wakachapishiwa kadi kadhaa, wakazigawa mlangoni ili wakumbukwe. Nimeshika nyingi kiasi kwamba naweza kuitambua studio kwa pazia lake tu. Pazia la Homa Bay lilichorwa meli ya ziwani, moshi wake ukielekea kushoto na bendera yake ikipepea kulia, upepo wa namna ambayo Mungu hakuumba.

Watu hunisifu kwa kazi hii. Walimu hunialika shuleni, na mjini nimepewa jina la mzee wa picha. Nimezibeba sifa hizo miaka mingi, na ndizo zinazonisukuma kuandika. Mkusanyiko wangu ulianza kwa wizi. Nilimwibia Mungu kitu kilichowekwa mikononi mwangu kwa ajili yake, na nilimwibia mwanamke aliyekitoa. Wazee wenzangu wa kanisa wamekwisha kuisikia habari hii kutoka kinywani mwangu, na wameamua juu yangu walivyoona vyema. Sina kinyongo, nawashukuru kwa upole wao. Lakini waliouliza maswali siku nilipowaeleza waliuliza juu ya moto na juu ya kiapo changu cha ushemasi. Hakuna aliyeuliza juu ya yule mwanamke, na yeye ndiye habari yenyewe.

Nilikuwa shemasi kijana, bado naishi Homa Bay. Kanisa letu wakati huo lilikuwa na desturi kabla ya ubatizo. Waliojiandaa walifundishwa wiki nzima, na siku ya mwisho asubuhi, kabla hatujateremka ziwani, kila mmoja alileta vitu vya dunia alivyoamua kuviacha. Nyuma ya kanisa kulikuwa na shimo la moto. Watu walileta viko, mikebe ya ugoro, hirizi, shanga za ngoma, sahani za santuri. Mwaka mmoja mtu alileta kodiani nzima. Ilipopata moto ilitoa sauti ndefu yenyewe, bila mkono wa mtu, na kina mama wakakimbia.

Kazi yangu ilikuwa kusimama mezani, kupokea kila kitu kutoka mkononi mwa mwenyewe, kumwuliza kama anakitoa kwa hiari, kisha kukipeleka shimoni. Hakuna aliyeruhusiwa kutupa chake motoni. Tulifundisha kwamba mtu akitupa mwenyewe anaweza kujuta dakika ya mwisho na kunyoosha mkono akaungua. Kwa hiyo walituachia sisi, nao walisimama mbali wakiimba.

Mwanamke huyo alikuwa amenizidi miaka michache. Wote tulijua kwamba yeye na mdogo wake waliwahi kuimba jukwaani, mji hadi mji, nyuma ya mpiga kodiani. Tulijua pia kwamba mdogo wake aliolewa Muhuru Bay akafa huko kwa homa kabla hajazaa. Alikuja mezani na kitambaa cha mkononi kilichokunjwa, na ndani ya kitambaa mlikuwa na kadi moja.

"Unaitoa kwa hiari, nyaminwa?" nikamwuliza. Nyaminwa ni dada yetu. Ndivyo tulivyowaita wanawake wote kanisani.

"Naitoa."

"Hakuna nyingine iliyobaki nyumbani?"

"Hakuna nyingine popote," akasema. "Tulibaki na hiyo tu."

Akaiweka mezani kifudifudi, akaondoka bila kugeuka. Kitambaa alikichukua.

Kati ya meza na moto kulikuwa na hatua kama thelathini. Katika hatua hizo nikaigeuza kadi. Wasichana wawili walisimama mbele ya ile meli, wamevaa magauni yanayofanana yenye kola kubwa nyeupe, kati yao kuna meza ndogo yenye maua ya karatasi. Mkubwa alimtazama mpiga picha. Mdogo alikuwa ameanza kugeuka, kama mtu aliyeitwa kutoka pembeni. Nilikuwa nimeona picha kabla ya hapo, za vitambulisho na za harusi, watu wakiwa wamekauka kama mbao. Hawa walikuwa hai. Sina maelezo mengine, na nimeyatafuta kwa miaka mingi kwa sababu ningependa kuwa na maelezo yanayonipunguzia.

Niliipachika ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Kisha nikatoa mfukoni bahasha tupu nikaitupa motoni, ili mkono wangu uonekane umetupa kitu. Waimbaji waliimba. Saa moja baadaye nilimshika mkono mwanamke yule kumwingiza majini kwa mchungaji, na kitabu nilikuwa nimekiacha juu ya jiwe pale ufukoni. Nilikitazama kitabu kuliko nilivyomtazama yeye.

Nilijiambia kwamba nitaichoma nikishaitazama vizuri. Baadaye nikachukua nyingine sita kutoka meza ile ile, kabla desturi haijaachwa. Hizo sita sikumbuki zilikuwa za nani, na hiyo ni dhambi yenye uzito wake.

Mke wangu, ambaye Bwana amempumzisha, aliikuta kadi ndani ya kitabu mwaka wetu wa kwanza hapa Migori, nilipohamishiwa kufundisha Maandiko.

"Hawa wasichana ni kina nani?"

"Ni watu ninaowaombea," nikasema.

"Wote wawili?"

"Wote wawili."

"Basi waombee wakiwa wamefunikwa," akasema, akakifunga kitabu.

Ili nisiwe mwongo nilianza kuwaombea kweli. Niliomba kwa ajili ya aliye hai, na yule aliyekufa niliomba kwa ajili yake pia, ingawa kanisa letu halifundishi hivyo. Nimewataja wale wawili mbele za Mungu mara nyingi kuliko nilivyowataja baadhi ya watoto wangu. Sikuona ajabu kwamba namwomba Mungu ambariki mtu ambaye mimi mwenyewe nimeshikilia kitu chake.

Kadi nyingine zote nilizipata kwa njia ya halali, na nyingi zilipitia kwa rafiki yangu mmoja, Mwislamu aliyetoka pwani akafungua duka la vitambaa hapa mjini. Kila anapokwenda kuchukua bidhaa hupekua maduka ya zamani kwa ajili yangu. Akirudi huniita kutoka ng'ambo ya barabara bila kujali ni nani anayesikia.

"Mzee wa kanisa! Njoo, nimekuletea mke wa pili!"

Mara moja alikuwa na kadi ya mwimbaji mnene, mikono kiunoni, amemkazia macho mpiga picha kama anayemdai kodi ya nyumba.

"Huyu, bwana, ukimwoa utalala nje na mbuzi," akasema. Kisha akakuna ndevu. "Lakini hebu nieleze. Sisi twaambiwa tusitundike picha ukutani. Nyinyi mwazichoma. Na wewe, mzee wao, una nyingi kuliko studio. Hiyo dini gani?"

Nilicheka naye. Sikumweleza.

Kadi ya wale dada wawili haikuwekwa katika albamu yoyote. Ilikaa ndani ya kitabu cha nyimbo, na kitabu kilikaa katika mfuko wa ndani wa koti langu. Nilikuwa nikizionyesha hadharani mamia ya nyuso, na ule mmoja nilioutazama kila siku hakuna aliyewahi kuuona.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, shule moja ya sekondari ya Homa Bay iliniomba nilete albamu siku yao ya utamaduni. Walinitengea meza yenye kitambaa cheupe. Wanafunzi walipita makundi makundi.

"Babu, huyu ndiye alikuwa staa wenu?" mmoja akaniuliza, kidole juu ya mpiga nyatiti.

"Sijui. Sikuwahi kumsikia."

"Haki ya nani! Sasa unamweka wa nini?"

Wenzake wakaangua kicheko, nami nikacheka pia. Lilikuwa swali zuri. Walipoondoka nikamwona yule mwanamke akija, ameshikwa mkono na mjukuu wake anayefundisha shule hiyo. Tangu nihamie Migori tulikuwa tukionana kwenye mikutano mikubwa ya kanisa, kwenye ubatizo na kwenye matanga, tunasalimiana kwa heshima, basi. Sasa alikuwa amezeeka sana, amevaa sare ya kina mama wa kanisa, na alitembea akiinua miguu juu kidogo kama mtu anayevuka mtaro.

Alivuta kiti, akainamia albamu hadi pua ikakaribia karatasi, akaanza ukurasa wa kwanza. Alitazama zote nne. Hakuruka hata kadi moja. Wengine aliwajua.

"Huyu alikuwa mlevi," alisema. "Huyu alikuwa na sauti, lo! Huyu alikufa bila kulipwa."

Alipofunga ya nne akabaki ameweka mikono juu ya jalada.

"Japuonj," akasema. Ndilo jina analoniita tangu masomo ya ubatizo, maana yake mwalimu. "Humu hakuna ya kwetu?"

"Hapana, nyaminwa."

"Hata iliyofifia?"

"Hapana."

"Najua," akasema upesi, kama anayenitoa aibu. "Ile ni wewe mwenyewe uliyeichoma. Nilidhani tu pengine mpiga picha alijiwekea moja, wakaiuza. Unajua, uso wa mdogo wangu umenitoka. Sauti yake ninayo, nikipika namsikia. Uso ndio sina. Na daktari ameniambia haya macho hayarudi nyuma, yatazidi kwenda. Nilitaka nimwone kabla hayajafika mwisho."

Kitabu kilikuwa kimeegemea ubavu wangu wa kushoto. Kati ya kadi na mkono wake palikuwa na kitambaa cha koti tu. Nilisema nini? Nilisema, "Tumshukuru Mungu kwa sauti aliyokuachia."

"Amina," akasema, akainuka.

Nilirudi Migori na sababu zangu. Nilijiambia nikimfunulia imani yake itayumba, kwa kuwa alitoa sadaka na sadaka haikufika. Nilijiambia vijana wa kanisa wataacha kutuamini. Nilijiambia nisubiri nafasi nzuri, na maisha yangu yote nimekuwa nikisifiwa kwa subira, kwa hiyo kusubiri hakukunishtua. Chini ya hayo yote kulikuwa na sababu moja ambayo sikuitamka hata katika sala: sikutaka kuikosa ile kadi.

Miezi ikapita. Mwezi wa kumi na moja nilikuwa dukani kwa rafiki yangu, naye akanionyesha kadi mpya, wacheza ngoma watatu wenye njuga miguuni, safi kama iliyochapishwa jana. Niliirudisha mkononi mwake bila kuigeuza nyuma.

"Leo wewe mgonjwa," akasema.

Nikamweleza yote pale pale, nimesimama kati ya marobota ya vitenge. Nadhani nilimweleza yeye kabla ya mchungaji kwa sababu asingeweza kuninyima Meza ya Bwana. Alisikiliza akikunja kitambaa kile kile mara tatu.

"Kwa hiyo hiyo kadi si yako," akasema.

"Niliiokoa isiungue."

"Sijakuuliza habari za moto. Mwenyewe yu hai?"

"Yu hai."

"Basi ni amana ya mtu, na umeikalia. Mimi kitambaa cha mteja kikilala hapa wiki mbili, nakosa raha."

"Alimtolea Mungu. Nikimwambia haikufika, si atasema Mungu hakuipokea?"

"Mzee, usimsingizie Mungu. Mkono ulioingia mfukoni ni wako." Alikiweka kitambaa chini. Hakuwa akitania tena. "Na huyo mama, bado aona?"

Sikujua. Miezi minane nilikuwa nimemtaja katika sala asubuhi na jioni, na sikuwa nimemwuliza mtu yeyote kama bado anaona.

Siku iliyofuata nilikuwa Homa Bay, kwake, kwenye mteremko unaotazama ziwa. Shule zilikuwa zimefungwa na mjukuu wake alikuwapo. Yeye mwenyewe aliketi uani kwenye kigoda, mbele yake omena, dagaa wa ziwani, zimeanikwa juu ya wavu, mkononi ana ufito mrefu wa kufukuzia kuku. Nilikuwa hatua kumi tu kutoka kwake.

"Nani huyo?" akauliza.

Nikajua.

"Ni mimi, japuonj."

"Karibu! Sauti yako imezeeka."

"Na miguu pia, nyaminwa."

"Ya miguu siwezi kukusengenya, siioni," akasema, akacheka mwenyewe.

Mjukuu akaleta chai na viazi vitamu. Kwetu mzee wa kanisa akiingia nyumbani, hakuna anayegusa kikombe kabla hajaomba. Wote wawili waliinamisha vichwa wakanisubiri.

"Leo omba wewe," nikamwambia mwanamke yule.

"Tangu lini mzee wa kanisa akaja kwangu nimwombee?"

"Leo. Tafadhali."

Akaomba. Alishukuru kwa chai, kwa omena, kwa mvua iliyongoja omena zikauke. Kisha akashukuru kwa ajili ya mtumishi wa Mungu aliyemshika mkono siku ile majini asiteleze. Mjukuu akasema amina. Mimi sikuweza kuisema.

Nikatoa kitabu cha nyimbo, nikaitoa kadi, nikaiweka katika kiganja chake.

"Nini hii?"

Vidole vyake vilipita kwenye kingo, upande mmoja, upande wa pili, vikafika kwenye pembe ya chini ambayo haipo. Vikakaa hapo. Vikarudi tena kwenye pembe ile, vikaipapasa polepole.

"Hapa palitafunwa na panya," akasema. "Nyumbani kwa mama yetu." Kuku mmoja alipanda juu ya wavu na hakuna aliyemfukuza. "Japuonj. Hii umeitoa wapi?"

"Sikuichoma. Uliponipa niliificha. Nimekaa nayo tangu siku ile."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na njiani nilikuwa nimepanga namna ya kuipokea kwa unyenyekevu. Haikuja. Aliikumbatia kadi kifuani kwa mikono yote miwili, akaanza kulia kama wanavyolia watu waliopewa habari njema.

"Kwa hiyo sikumchoma," akasema. "Sikumchoma mdogo wangu."

Mjukuu akapiga magoti kando yake. "Dani, ulimchoma nani?" Dani ni nyanya.

"Mimi nilitoa yangu," akasema, akinielekezea mimi uso. "Yake hakuitoa. Yeye hakubatizwa, hakuwapo, hakuna aliyemwuliza kama anatoa kwa hiari. Nilimtia motoni bila ruhusa yake, na alikuwa amekwisha kufa, hawezi kunikataza. Kila ubatizo nimeomba toba kwa hilo. Kila moto wa jikoni naona karatasi ikijikunja. Sikumwambia mtu, hata wewe."

Ubatizo mwingi kati ya huo mimi nilikuwapo, nimeketi mbele na wazee, kadi ubavuni. Miaka yote nilidhani nimemnyima kipande cha karatasi. Kumbe nilimwacha na mzigo ambao neno langu moja lingeutua, na neno hilo nilikuwa nalo siku zote.

Alijifuta macho kwa kanga. Akainua kadi, akaisogeza kwenye jicho la kushoto, akaigeuza huku na huku kutafuta mwanga. Akaweka kidole.

"Huyu hapa."

"Dani," mjukuu akasema taratibu, "huyo ni wewe."

Kidole kikahama. "Huyu?"

"Ndiyo."

Akatazama muda mrefu. Aliishusha, akaiinua tena. "Naona weupe wa kola," akasema. "Pale juu ni ukungu." Kisha, bila kunigeukia, "Siku ile shuleni ilikuwa wapi?"

"Mfukoni mwangu."

"Mwezi wa tatu nilikuwa naona," akasema. Hakupaza sauti. "Nikiusogeza uso wa mtu karibu, nilikuwa nauona."

Nikamwambia anisamehe. Nilisema kwa Kiluo, kisha kwa Kiswahili, kana kwamba lugha moja isingefika.

"Hilo tutalizungumza siku nyingine," akasema. "Leo sina nafasi." Akampa mjukuu kadi. "Wewe una macho. Niambie alivyo."

Mjukuu akaitazama. "Ni msichana mrembo, dani. Ana macho mazuri."

"Mrembo! Kila aliyekufa anaitwa mrembo. Sikuuliza hivyo." Akanyoosha mkono upande wangu, akanigonga goti. "Mpe huyu. Yeye amemtazama miaka mingi kuliko mimi. Niambie wewe."

Mjukuu alininyooshea kadi, na mimi sikuhitaji kuipokea. Nilifumba macho. Nikamwambia kwamba bega la kushoto la mdogo wake liko chini kuliko la kulia. Kwamba ana paji pana na nywele zimeanza mbali. Kwamba sikio moja limejitokeza, la pili limefichwa na nywele. Kila neno lilinitoka kwa urahisi, na urahisi huo ulinichoma, kwa sababu ulionyesha ni mara ngapi nimeketi na uso ambao haukuwa wangu wakati mwenyewe anautafuta gizani.

"Midomo imefungwa," nikasema, "lakini imevutwa upande wa kulia. Na juu ya jicho la kushoto kuna mstari mweupe, mfupi. Nimekuwa nikidhani ni ufa wa picha, kasoro ya mashine."

"Si ufa," akasema.

Nikafumbua macho. Alikuwa ameinua kichwa.

"Hapo aligonga mawe ya ziwani. Nilikuwa nimembeba mgongoni, nikateleza. Mimi ndiye niliyemwangusha. Damu ilimwingia jichoni na hakulia, alinicheka kwa kuwa mimi ndiye niliyelia." Mkono wake ulipanda hadi kwenye paji lake mwenyewe, ukatafuta mahali pale pale. "Ngoja. Ngoja kidogo. Alicheka hivi, kwa upande."

Akavuta mdomo wake wa kizee upande wa kulia. Mjukuu aliitazama kadi, akamtazama bibi yake, akajiziba mdomo kwa kiganja.

"Endelea," mwanamke yule akaniambia, uso akiwa ameushikilia vile vile, kama anayeogopa usimponyoke.

Nikamwambia shingo. Nikamwambia kitufe cha kola ambacho hakikufungwa, na mkono ulioshika ukingo wa meza, na kidole kimoja kilichojikunja.

"Endelea," akasema.